Jangwani Dubai jioni moja, ukiwa na mama na mtoto

Swali: Nauza viatu na mabegi Mwanjelwa, Mbeya. Mwisho wa Novemba nakwenda Dubai kufunga mzigo, na safari hii naongozana na mama (miaka 64, ana presha na magoti yanamsumbua) pamoja na mwanangu wa miaka 8. Wenzangu wananiambia nisirudi bila kwenda jangwani jioni, kule kwenye chakula na michezo. Nimetumiwa bei kuanzia dirham 90 hadi 700 kwa kichwa, na maelezo yote yanafanana. Tofauti iko wapi? Mama ataweza? Na mtoto anaruhusiwa kuendesha zile pikipiki za magurudumu manne?

Jibu:

Dada, anza na mama. Bei itafuata.

Mtu mzima wa umri huo, mwenye presha na magoti, anaweza kwenda jangwani, akala, akatazama michezo na akarudi hotelini salama. Ila kuna kipande kimoja cha jioni hiyo asikiguse: ile nusu saa gari linapopanda na kuporomoka vilima vya mchanga. Kampuni zenyewe huandika kwa herufi ndogo kwamba wajawazito, wagonjwa wa moyo, wenye matatizo ya mgongo na watoto wadogo sana wasipande. Wasichoandika ni kwamba kwenye gari la kuchangia, mkishakaa na wageni ambao nao wamelipia kurushwarushwa, dereva hana pa kumshusha mama. Ataambiwa ashike vizuri, ni dakika chache tu. Mifupa ya mgongo ya mtu wa miaka 64 haitaki kishindo cha namna hiyo, na presha inapanda kwa hofu hata kabla gari halijashuka kilima cha kwanza.

Kwa hiyo kitu cha kukubaliana kwa maandishi, kabla hujatoa hata dirham moja, ni mama atafikaje kambini. Kambi nyingi zina njia ya kawaida ambayo magari ya chakula na wafanyakazi hupita, kwa hiyo linawezekana. Kampuni ikilijibu vizuri swali hilo, mengine mengi yatakuwa sawa. Ikilikwepa, achana nayo hata kama inakuongezea ngamia wa bure.

Jioni yenyewe inakwenda hivi. Gari linawafuata hotelini kati ya saa nane na nusu na saa tisa na nusu alasiri. Mwisho wa Novemba jua la Dubai linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni, ndiyo maana wanakuja mapema. Mwezi wa sita, jua linapochelewa mpaka saa moja na dakika kadhaa, nao wanachelewa. Ukiandikiwa 15:00 maana yake ni saa tisa, na ni saa tisa ya Dubai, ambayo iko mbele ya Mbeya kwa saa moja. Simu ikibaki na saa ya nyumbani, mtashuka mapokezi na kukuta gari limeondoka zamani. Na wanaondoka kweli: dereva ana hoteli nyingine za kupitia, na vocha nyingi zinasema asiyeonekana kwa wakati harudishiwi pesa.

Kutoka Deira, ambako wafanyabiashara wetu wengi hufikia, ni dakika 45 hadi saa moja. Kampuni nyingi huelekea Lahbab, kwenye vilima vya mchanga, kwa barabara ya Hatta, ile ile inayopita Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za Kichina, kwa hiyo mwanzo wa njia unaweza kuwa unaujua tayari. Mchanga wa Lahbab ni mwekundu kwa sababu chembe zake zimevikwa oksaidi ya chuma, yaani kutu, na ndiyo picha unazoziona kwenye simu za wenzako. Kabla ya kuingia mchangani gari husimama kwenye maduka ya kando ya barabara ili matairi yapunguzwe upepo. Halafu vilima, dakika 20 hadi 40. Halafu kituo cha picha wakati jua linazama, watu wanateleza kwa ubao. Halafu kambini: kahawa na tende, ngamia, hina, chakula mnamo saa moja na nusu usiku, michezo jukwaani, na hotelini saa tatu au saa tatu na nusu.

Wanyama usitegemee. Sisi tukisikia safari tunawaza Ruaha, na anayekwenda Lahbab na picha hiyo kichwani atanung'unika jioni nzima. Choroa wa Arabuni, mnyama mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka, alitoweka porini mwaka 1972, akazalishwa kwenye bustani za wanyama na kurudishwa taratibu. Leo unaweza kumwona ndani ya Hifadhi ya Jangwa ya Dubai, na hapo ndipo tunapofika kwenye bei.

Bei ya dirham 90 hadi 130 ni ya gari la watu sita msiojuana, wakati mwingine hata si gari bali basi linalowakusanya mpaka ukingo wa jangwa, kisha mnahamishiwa kwenye magari madogo. Kambi inachukua mamia ya watu kwa usiku mmoja. Chakula kipo, lakini ni foleni. Kampuni hizi hupata faida kwenye vya ziada: pikipiki, kilemba, picha na kipanga, meza iliyo karibu na jukwaa.

Dirham 150 hadi 250 ni jioni ile ile, mara nyingi kwenye kambi ile ile kabisa, ila gari linakufuata mlangoni na dereva ana uzoefu zaidi. Sehemu kubwa ya ziada hiyo unailipia gari na mtu anayelishika usukani, na hapo hela haijapotea.

Dirham 500 hadi 700 na kuendelea kwa kichwa kwa kawaida ni safari za ndani ya hifadhi. Watu ni wachache, gari linakwenda pole pole kuangalia choroa na swala, chakula kinapikwa vizuri zaidi na kwa kawaida hakuna muziki wa spika. Ajabu ni kwamba hiyo ya gharama kubwa ndiyo inayomfaa mama kuliko zote, kwa sababu kurushwarushwa mara nyingi hakumo. Lakini kwa vichwa vitatu ni dirham 1,500 hadi 2,100, na mtoto wa miaka 8 aliyeahidiwa vilima atakuuliza vilima viko wapi.

Kuna bei ya nne ambayo hukutumiwa, na ndiyo ninayokushauri: gari zima kwa ajili yenu watatu. Inatajwa kwa gari, si kwa kichwa, na mara nyingi iko kati ya dirham 500 na 1,000 kwa Land Cruiser moja pamoja na chakula cha kambini, kutegemea msimu na kampuni. Hakikisha wanasema ni watu wangapi wamo ndani ya bei hiyo. Ukilinganisha na viti vitatu vya dirham 200, huongezi zaidi ya dirham mia chache. Unachopata ni dereva anayekusikiliza wewe tu. Anaweza kupita njia tambarare, akamshusha mama kambini akae na kahawa yake, kisha akawazungusha wewe na mtoto vilimani kwa kasi mnayoitaka, akapunguza mkisema punguza. Kwenye gari la kuchangia hilo haliombeki.

Kupiga hesabu, dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja ni dirham 3.67. Kwa hiyo dirham 90 ni kama dola 24 na nusu, na 700 ni kama dola 190. Bei ya shilingi ichukue siku unayobadilisha. Uliza pia kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 imo, maana wengine huitaja siku ya kulipa.

Siku ya kwenda nayo ina uzito kwa tarehe zako. Tarehe 2 Desemba ni sikukuu ya taifa la Falme za Kiarabu, nchi inapumzika siku kadhaa mfululizo, wenyeji wenyewe wanamiminika jangwani, bei zinapanda na kambi zinafurika. Nenda kabla ya hapo. Mwisho wa juma wao ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku ya kazi, hivyo Jumanne au Jumatano ndiyo tulivu. Usiipange siku unayokabidhi mzigo kwa watu wa kago: ukaguzi wa maboksi hauishi saa nane mchana hata siku moja. Wala usiiweke usiku wa mwisho kama ndege yenu ni ya alfajiri. Siku ya pili au ya tatu baada ya kufika ni nzuri, na ikitokea dhoruba ya mchanga au mvua wakaahirisha, bado una nafasi ya kuisogeza.

Kuhusu kununua: pale Deira utakutana na vijana wa barabarani wenye vipeperushi, mapokezi ya hoteli watakuuzia wakiwa na kamisheni yao, na utakuta hata Watanzania wanaouza. Sio kwamba wote ni wabaya. Tatizo ni kwamba anayekuuzia mara nyingi si mwenye gari wala mwenye kambi, na ahadi ya mama kushushwa kambini hupotea katikati. Taka jina la kampuni inayoendesha safari yenyewe na namba yake ya leseni ya utalii. Kampuni halali ya Dubai inayo kutoka Idara ya Uchumi na Utalii, na haioni haya kuionyesha. Usilipe yote mapema kwa mtu unayemjua WhatsApp tu. Kampuni nyingi hukubali ulipe kwa kadi na kughairi bure mpaka saa 24 kabla, au ulipe dereva akifika. Vocha iandike: gari binafsi, watu wawili wazima na mtoto mmoja, kuchukuliwa hotelini na kurudishwa, mtu mmoja hapandi vilimani na anapelekwa kambini moja kwa moja, kiti na meza kwa ajili yake. Kama wamekuambia kwa mdomo, waambie wakuandikie. Dereva siku hiyo atafuata karatasi.

Sasa vilima, kwa faida yako na mtoto. Kilima cha mchanga kina pande mbili zisizofanana. Upande upepo unakotokea ni mpole na mchanga wake umeshindiliwa. Upande wa pili ni mwinamo mkali wa karibu nyuzi 34, ambao ndio mwisho wa mchanga mkavu kusimama bila kuporomoka. Dereva hupanda kwa upande mpole, anafika ukingoni, halafu gari linateremka upande mkali huku mchanga ukitiririka nalo. Pale ukingoni, pua ya gari ikiwa juu, mbele unaona anga tupu. Sekunde hiyo ndiyo inayopigiwa kelele. Upepo wa matairi hushushwa kutoka psi 35 hivi hadi 15 au karibu na hapo, ili tairi litanuke na uzito usambae badala ya kuchimba. Gari likizama usishtuke: dereva atafukua mchanga mbele ya matairi, ataongeza kupunguza upepo, na likikataa litavutwa na mwenzake. Wanakwenda kwa msafara kwa sababu hiyo. Anayeingia vilimani peke yake bila gari la pili ni wa kumtilia shaka.

Kabla hamjaondoka barabarani tazama ndani ya gari. Kuna fremu ya vyuma imezunguka paa? Kila kiti kina mkanda unaofunga? Mkanda wa kiti cha mtoto ufunge wewe mwenyewe, uvute, uone unashika. Kisha keti mgongo umegusa kiti, shika mpini wa mlangoni na si bomba la fremu, na simu iingie mfukoni yenye zipu. Simu inayorekodi mkononi ndiyo inayompiga mwenzako usoni.

Kichefuchefu ndicho kinachoharibu jioni za watu wengi. Sikio la ndani linahisi mwili unarushwa huku macho yakiona viti vilivyotulia, ubongo unachanganyikiwa, tumbo linalipa. Viti viwili vya nyuma kabisa ni vibaya zaidi, kwa sababu viko nyuma ya ekseli na vinabembea kuliko vingine. Kwa mtoto kipimo unacho tayari: kama basi la Dar likiteremka Kitonga huwa anatapika, huku atatapika pia. Mpeni chakula chepesi saa sita au saa saba, wali kidogo au mkate, si chipsi mayai na soda, na wala asikae na njaa. Akae kiti cha katikati mahali anapoona mbele, atazame mbali, asichezee simu. Dawa za kuzuia kutapika safarini zipo, lakini nyingi huleta usingizi na lazima zinywewe kabla ya safari, si baada ya tumbo kuanza; ya mtoto ipimwe na mfamasia kwa uzito wake. Ombeni mfuko hotelini. Baadhi ya kampuni hutoza usafi wa gari.

Pale kwenye maduka ya matairi kuna mitego midogo. Mtu atakuja akiwa na tabasamu, akuvishe kilemba, akufunge vizuri kabisa, kisha ataje bei. Kipanga atawekwa mkononi mwa mtoto, picha ipigwe, kisha bei. Uliza kwanza, halafu ndiyo uguse. Kilemba hicho hicho sokoni Naif utakipata kwa bei ya kibinadamu, nawe ni mfanyabiashara, huna haja ya kufundishwa.

Kambini, turudi kwa mama. Waulizeni mapema gari linasimama umbali gani na lango, kwa sababu hatua hamsini kwenye mchanga laini kwa mtu wa magoti ni kazi kubwa kuliko mita mia tano za lami. Viatu vyake viwe vya wazi, vyenye soli pana, visivyo na kisigino. Fimbo yenye ncha nyembamba inazama. Yenye mpira mpana chini inafaa. Wageni huketishwa chini, kwenye mazulia na mito kuzunguka meza fupi, kwa mtindo wa Kiarabu. Inapendeza kupiga picha, ila akikaa hapo kwa saa mbili, kuinuka itakuwa shughuli ya watu wawili. Ndiyo maana nimesema kiti na meza viandikwe kwenye vocha. Wakisema hivyo vipo sehemu ya VIP kwa nyongeza, lipieni; hiyo ndiyo VIP pekee yenye maana kwenu. Kaeni mahali moshi wa shisha hauwafuati, na mwonyesheni mama vyoo vilipo kabla giza halijaingia.

Kahawa itamshangaza yeyote aliyekulia jirani na mashamba ya Mbozi. Buni yao hukaangwa kidogo tu, ikabaki ya manjano, halafu inachemshwa na iliki, pengine na zafarani. Inamiminwa kidogo kidogo kwenye kikombe kisicho na mkono, na inaliwa na tende. Pokea kwa mkono wa kulia. Ukirudisha kikombe bila kukitikisa utaongezewa tena. Ukitosheka, kitikise kidogo kulia na kushoto.

Chakula ni bufee ya nyama choma: mishkaki ya kuku na ya kondoo, wali au biriani, mkate bapa wa moto, saladi, hummus ambayo ni dengu zilizosagwa na ufuta na limao, na mchuzi wa dengu za Kihindi kwa wasiokula nyama. Nyama ni halali. Mwishoni tafuteni luqaimat, ambazo ni kaimati zile zile tunazozijua, zimemiminiwa asali ya tende. Mama wa presha aziruke achari na zeituni, ambazo zimelazwa kwenye chumvi. Foleni ikifunguliwa msikimbilie. Kwenye kambi kubwa dakika ishirini za kwanza ni vurugu, na chakula huongezwa. Kambi nyingine zina mstari wa wanawake na familia, uliza. Kama mama amezoea kula saa kumi na mbili, ale sambusa na tende za kukaribishwa akifika, asingojee saa mbili tumbo likiwa tupu.

Michezo huwa mitatu: tanoura, ambapo mwanamume huzunguka na sketi nzito zenye taa bila kupumzika, mchezo wa moto, na dansi ya kiuno. Hiyo ya tatu si ya Mabedui, imetoka pande za Misri na Lebanoni, na vazi lake ni dogo. Kama mama ni mtu wa kanisa asiyependa kuona hivyo akiwa na mjukuu, uliza ratiba, wapeleke nje ya uzio watazame nyota wakati huo, au chagua kambi isiyo nayo. Msiwarekodi wageni wengine, hasa wanawake. Sheria za faragha za kule ni kali, na video ya mtu asiyeridhia inaweza kukufikisha polisi.

Ngamia ni mzunguko wa dakika tatu au nne, kijana akimshika kamba. Magoti ya mama hayamruhusu, kwa sababu kupanda kunataka kutanua miguu na kuruka. Kwa mtoto: ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo aliyepanda anasukumwa mbele kwa nguvu. Aegemee nyuma, ashike mpini. Ngamia akilala hukunja miguu ya mbele kwanza, basi mtoto aegemee nyuma tena. Baada ya hapo aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na maziwa mabichi ya ngamia msinywe, kwani ngamia hubeba virusi vya homa ya mapafu iitwayo MERS.

Hina ya kambini huwa ua dogo la bure. Ikiwa nyekundu ya kahawia haina neno. Ikiwa nyeusi tii inayokolea kwa dakika chache ni piko, yaani ina kemikali ya rangi ya nywele, na kuna ngozi zinazovimba malengelenge na kubaki na kovu. Mtoto asiwekwe kabisa.

Nguo: mwisho wa Novemba mchana ni nyuzi 29 au 30, usiku jangwani unashuka kwenye nyuzi kumi na kitu. Kwa mtu wa Uyole hiyo ni hali ya sweta moja jepesi. Koti la Juni liache nyumbani. Suruali chini ya dera kwa sababu ya upepo na ngamia. Miwani ya jua. Mwenye lensi za macho avae miwani siku hiyo. Simu na chaja ziingie kwenye mfuko wa zipu, kwani mchanga wa jangwani ni laini mno na huingia tundu la kuchajia likakataa asubuhi.

Dawa za mama ndizo za kuangalia kabla hamjafika Dubai. Za presha za kawaida kama amlodipine hazina shida, zibaki kwenye pakiti zake na zikae kwenye mkoba wa mkononi. Lakini wenye magoti mara nyingi wameandikiwa tramadol au dawa zenye kodeini, na hizo Falme za Kiarabu zinazidhibiti vikali. Kuzibeba bila kibali na karatasi za daktari ni kesi. Aende kwa daktari wake Mbeya, amweleze safari, abadilishiwe kama inawezekana, na apewe barua kwa Kiingereza yenye majina ya dawa na kipimo. Swali la kama presha yake imetulia kiasi cha kusafiri amwulize hapo hapo.

Bahashishi kwa dereva si lazima. Akiwa amemfikisha mama vizuri kama mlivyoandikiana, dirham 30 hadi 50 kwa gari zima ni shukrani inayoeleweka.

Na pikipiki za magurudumu manne: mtoto wa miaka 8 kwenye jangwa wazi, hapana. Huziendesha zile ndogo tu, kwenye uwanja uliozungushiwa matairi, kwa mzunguko mfupi, kofia ngumu kichwani na mtu akimfuata kwa miguu. Asipakiwe nyuma yako pia. Pikipiki hizi hupinduka hasa kwa njia mbili: dereva anakata kona akiwa amepita kilima kwa ubavu, au anapita ukingo kwa kasi na upande wa pili hakuna ardhi alipoitegemea. Ikipinduka, aliye nyuma anaweza kulaliwa nayo. Wewe ukitaka kuendesha, nyongeza ni kama dirham 100 hadi 250 kwa nusu saa. Vaa viatu vya kufunika, mtandio ufunge kabisa ndani ya nguo kwa sababu ncha yake ikinaswa na ekseli inavuta shingo, piga picha pikipiki pande zote kabla ya kusaini, na pasipoti usiiache kama dhamana, nakala inatosha. Mtoto mpe ubao. Akae badala ya kusimama, miguu mbele, mikono kando nyuma, mdomo umefungwa, na achague mteremko mfupi usio na mtu chini. Kupanda tena kilima kwa miguu kutamchosha baada ya mara ya tatu au ya nne, na hatazikumbuka pikipiki.